Ate Aliyetufunza Kuuliza

Tulimwita Ate kwa sababu yeye mwenyewe alitaka tumwite hivyo. Kwa Kitagalogi ni dada mkubwa, na si lazima mwe wa tumbo moja. Ni yeyote aliyekutangulia kidogo duniani na anayeweza kukuonyesha penye shimo. Mimi nilimwita hivyo kwa moyo wote. Nasema mapema ili mtu asidhani ninasimulia haya nikiwa nimetulia. Nina hasira naye hadi leo, na kinachonikasirisha zaidi ni kwamba nilimpenda.

Ukoo wake sitautaja, wala alizaliwa lini. Yatosha kujua kwamba kwao ni upande wa Mwello, wilaya ya Tororo, na kwamba alikaa Uarabuni miaka mingi akipiga pasi na kuosha vyombo katika nyumba za watu. Wenzake walirudi na Kiarabu, mablanketi na manukato. Yeye alirudi na Kitagalogi, lugha ya Wafilipino aliofanya nao kazi jikoni, na aliitunza kuliko wenzake walivyotunza hayo mablanketi.

Nilimfahamu kupitia kichwa chake. Wakati ule nilikuwa ninasuka katika saluni moja ya Busia, upande wa Uganda, si mbali na pale malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka. Aliingia akataka rasta nyembamba, kazi ya kutwa nzima, na alipoketi hakuchezea simu kama wateja wengine. Aliniuliza maswali. Aliuliza kwa lugha nisiyoijua, akangoja, kisha akajitafsiria mwenyewe na kunitaka nijibu.

"Taga-saan ka? Wewe natoka wapi?"

Nikasema Masinya, kijijini kwetu.

"Sema: Taga-Masinya ako. Ako ni mimi. Haya, sema."

Kufikia jioni nilikuwa naweza kusema natoka wapi, naitwa nani na kwamba nina njaa. Aliponiaga alisema nina sikio zuri, nije darasani Jumapili. Watu walikuwa wakisifu vidole vyangu tangu nilipoanza kazi, lakini sikio langu hakuna aliyewahi kuliona.

Darasa lenyewe lilikuwa palepale Busia, katika shule ya chekechea, ambayo mwenye shule alituazima Jumapili baada ya ibada. Tulikalia viti vya watoto, magoti yakitugusa kidevu, chini ya picha za ng'ombe na mapapai zilizobandikwa ukutani. Tulikuwa wanawake peke yetu. Wengine walitoka Busia ya Uganda, wengine walivuka kutoka Kenya wakiwa bado na nguo za kanisani, na mmoja alikuja kwa pikipiki kutoka Busitema. Sote tulitaka kitu kimoja: kwenda nje kufanya kazi. Ate alikuwa ametuambia ana watu wake Kampala, kampuni ya kupeleka wafanyakazi, na kwamba hao watachukua wanafunzi wake kwanza.

Siku ya kwanza mama mmoja wa upande wa Kenya alimkabili. "Ate, si huko wanaongea Kiarabu? Hii ya Wafilipino itatusaidia na nini, bana?"

Ate alicheka hadi akashika ukuta. "Kiarabu utajua tu, hata kama hutaki, kwa sababu ni ya kukutuma. Leta, toa, osha, haraka. Mwezi moja iko kwa kichwa. Lakini mama ya ile nyumba hawezi kukuambia sabuni iko wapi, mlango gani nafungwa, mzee gani mbaya. Nani anajua? Mfilipino wa jikoni. Yeye alitangulia. Sasa wewe nauliza yeye kwa lugha yake, na roho yake nafunguka."

Kwa hiyo alitufunza kuuliza, na karibu hakutufunza kitu kingine. Nasaan, iko wapi. Sino, nani. Ano, nini. Kailan, lini. Magkano, bei gani. Alituambia Wafilipino hutanguliza kitendo, mwenye kukitenda akafuata nyuma, kama mtu anayefika mlangoni baada ya mzigo wake. Alituambia wana kineno "ba," ndugu yake "je" wetu, ila "je" husimama mbele na kupiga kelele, na "ba" hujichomeka katikati ya sentensi usimwone. Kumain ka na ba? Umeshakula? Hiyo ndiyo salamu yao, alisema, na asiyeijua atalala njaa kwa kukosa adabu.

Mambo mengine tuliyapata bila jasho. Neno lao "siya" ni yeye wetu, halijali mwanamume wala mwanamke, na yule mama wa Kenya, aliyekuwa amechapwa shuleni kwa kuchanganya "he" na "she" za Kiingereza, alipiga makofi aliposikia hivyo. Na kuna "po," kineno cha heshima. Sisi wa upande huu tunapiga magoti tukimsalimu mkubwa, na Ate alisema "po" ni kupiga goti kwa mdomo. Jibu lisilo na "po" kwa aliyekuzidi ni kofi. Alitufunza pia kwamba mbele ya kitu husemwa "ang," na mbele ya jina la mtu husemwa "si." Nasaan ang susi, ufunguo uko wapi. Nasaan si Maria, Maria yuko wapi. "Kitu ni ang, mtu ni si," alikuwa akisema huku anazunguka kati ya viti. "Usichanganye. Mtu hapana kitu." Nikikumbuka sentensi hiyo leo, meno yananiuma.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na alivaa raba nyeupe wiki nzima. Alizisugua kwa mswaki mkuukuu kila jioni, kwa hiyo vumbi lote la mji ule lilimwogopa. Alikuwa na vituko alivyoviokota kwa Wafilipino wa jikoni kule Uarabuni. Hakuonyesha kitu kwa kidole, alikielekezea midomo kama anayebusu hewa. Na badala ya kusema ndiyo aliinua nyusi, mara moja, haraka, bila neno. Tulimwiga wote. Mama yangu aliniuliza kama chumvi ipo, nikainua nyusi, akanitupia mwiko.

Wali aliula kwa kijiko na uma, lakini ugali wa muhogo aliumega kwa mkono kama mtu wa Mwello. Alisali sana. Kabla ya somo alituombea mmoja mmoja kwa majina, na katika maombi hayo alitaja shida zetu zote, mguu wa huyu, mume wa yule, mpaka unajiambia huyu mtu ananibeba moyoni. Alitubeba kweli. Sikujua anatupeleka wapi.

Sharti lake kubwa lilikuwa moja, na kila aliyepita katika darasa lile atakutajia. Ukiulizwa swali la mazoezi, ujibu ukweli.

"Mimi nauliza, wewe najibu ya kweli. Hapana kusema una gari na wewe natembea miguu. Maneno ya uongo natoka kichwa haraka, ya kweli nalala ndani."

Tulimwamini, kwa sababu ilikuwa kweli. Maneno niliyojifunza kwa kusema habari za mama yangu sijayasahau. Basi alitupanga wawili wawili tuulizane, na mwisho wa somo kila mmoja alisimama akajibu mbele ya wote. May asawa ka ba? Una mume? May anak ka ba? Una mtoto? May kapatid ka ba? Una ndugu? Na swali alilolipenda kuliko yote, ambalo alisema Mfilipino yeyote atakuuliza siku ya kwanza: Sino ang kasama mo sa bahay? Nani unaishi naye nyumbani? Ukishajibu, Ate alilirudia jibu lako polepole, mara mbili, macho ameyafumba. Tulidhani anasahihisha matamshi. Hakuandika kitu. Hakuhitaji, alikuwa na kichwa.

Mimi nilipangwa na Taaka. Alikuwa msichana wa kwetu Masinya, mkimya, aliyekuwa akiuza dagaa sokoni. Wazazi wake walikufa angali mdogo, nyanya aliyemlea akafuata, na shamba wakaligawana watu ambao hawakumkumbuka tena. Nilimuuliza maswali yote ya Ate, Jumapili baada ya Jumapili, na yeye alijibu kwa neno moja, "wala." Kwa Wafilipino "wala" ni hakuna. Una mume? Wala po. Una ndugu? Wala po. Nani uko naye nyumbani? Wala po. Darasa lilicheka, kwa sababu hata sisi husema "wala!" tukikana jambo, na Taaka naye alicheka. Tulicheka sana siku hizo, na Ate alisimama nyuma yetu akirudia, macho amefumba: wala, wala.

Ndiyo maana nasema alinitumia. Swali lilitoka mdomoni mwangu, kwa sauti ya rafiki, na Taaka alilijibu kwa sababu ni mimi niliyeuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguo.

Lakini nikimchora Ate kama shetani nitakuwa ninadanganya, na yeye alitukataza kudanganya. Taaka alipougua malaria, ni Ate aliyemletea uji kila asubuhi kwenye kile chumba chake cha mabati, akakaa mpaka anywe. Yule wa Busitema mume wake alipomfukuza, alilala kwa Ate majuma kadhaa. Mimi alinipa kioo kizuri cha saluni, akasema msusi bila kioo ni kinyozi tu. Alikuwa mtu wa kutoa. Jambo moja tu hakutoa: yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Mtu aliyetufunza maswali ya lugha nzima, ukimuuliza kwa nini hakurudi tena Uarabuni, au mtoto wa kwenye picha ya simu yake ni nani, alielekeza midomo kwenye kazi yako na kusema, "Mkono isisimame."

Na kulikuwa na swali moja ambalo hakutufunza. Yule mama wa Kenya ndiye aliyegundua. "Ate, mbona hujatuambia 'kwa nini' inasemwaje?" Ate akasema hiyo haina kazi jikoni. Wa kuuliza wapi na lini watampenda, wa kuuliza kwa nini watamrudisha nyumbani kabla hajafungua sanduku. Tuliona ni hekima. Tuliinua nyusi zote pamoja.

Wakati wa kuchaguliwa ulipofika, nilijua mimi ni wa kwanza. Nilikuwa naongea kuliko wote. Ate mwenyewe alikuwa akinisimamisha niwaonyeshe wengine. Wakachaguliwa Taaka, na yule wa Busitema, na wengine wachache. Mimi niliambiwa nisubiri. Yule mama wa Kenya, mwenye mume askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, na shemeji kila kona, naye aliambiwa asubiri. Nilimfuata Ate nje nikiwa karibu kulia.

"Ate, nimekosea wapi?"

"Hapana kukosa. Wewe bado tu. Suka watu."

Nilimsindikiza Taaka mpaka kwenye basi la Kampala. Ate alikuja na raba zake nyeupe, akamnunulia Taaka viatu na sweta, akamkumbatia akalia machozi ya kweli. Taaka naye alinong'ona sikioni mwangu, "Nikifika nitakuwa nakuuliza kila siku kama umekula." Na kweli, kwa muda aliniuliza. Kumain ka na ba? Ujumbe uleule kila jioni, na mimi nikijibu nimekula mihogo, nimekula samaki, nimekula maneno ya mama. Kisha ukakoma.

Nikajiambia ana kazi nyingi, nikajiambia simu imeharibika. Mvua za masika zikaja, zikaisha, zikaja tena za vuli, na kimya kikawa kilekile. Katika Masinya nzima hakuna aliyeniuliza Taaka yuko wapi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu mzima alikuwa amepotea, na pengo lake lilikuwa ndani ya simu yangu peke yake.

Nikaenda Mwello kwa Ate. Nilimkuta uani anamenya muhogo. Nilimuuliza kwa lugha aliyonifunza, kwa "si" ya mtu na "po" ya heshima: Nasaan po si Taaka? Hakuinua uso.

"Kule kazi mingi. Atapiga simu."

"Ate, ni karibu mwaka. Nipe namba ya hao watu wa Kampala."

"Wewe ni nani yake?"

Nikasema ni rafiki yake. Aliendelea kumenya, akaniambia kampuni haiongei na marafiki, inaongea na familia, na Taaka hana familia. Alisema polepole, akirudia mara mbili kama darasani: hana, hana. Nilirudi Busia bila kumuaga.

Simu ya Taaka iliingia siku moja nikiwa na mteja nusu kichwa. Namba ngeni, sauti ya chini kama ya mtu aliye ndani ya kabati, na kumbe ndimo alimokuwa. Alisema, "Dada, sema wewe ni dada yangu." Nikadhani ameanza kuweweseka. Kisha akaeleza haraka. Mkono ulikuwa umeungua kwa mafuta ya moto, wakaufunga kitambaa cha jikoni na kumrudisha kazini. Pasipoti walikuwa wameificha tangu alipofika. Simu ile ilikuwa ya Mfilipino aliyeajiriwa hapo karibuni, mwanamke wa makamo. Taaka alikuwa amemuuliza kwa Kitagalogi kama amekula, na yule mama akaangusha sufuria kwa mshangao. Usiku wakalala chumba kimoja, naye akamuuliza lile swali: Sino ang kasama mo sa bahay? Taaka akajibu kama alivyofunzwa, wala po.

Yule Mfilipino akamziba mdomo kwa kiganja. Akamwambia usiseme neno hilo tena katika nyumba hii wala kwa mtu yeyote. Kwao, msichana akiondoka kwenda kazi, mama yake humfunza kabla ya yote kusema ana kaka, hata kama hana. Kaka mrefu, mwenye hasira, anayejua polisi. Asiye na mtu, hata akifa, wanabadilisha tu shuka.

Basi tukamtengenezea Taaka watu. Kaka zangu wawili wanafanya kazi Malaba ya kushughulikia mizigo ya malori, na wanajua kubishana na ofisi kama wengine wanavyojua kuimba. Niliwaeleza. Mkubwa akasema, "Kuanzia leo huyo ni sister wetu, leta namba ya hiyo kampuni." Taaka alikuwa ameikumbuka, akanitajia kabla ya kukata simu. Walipiga asubuhi, wakapiga mchana. Wakasema sisi ni familia, tunataka kumsikia dada yetu, tunakuja hapo Kampala na mzee wa kanisa. Mama yangu mwenyewe alichukua simu akalia kwa Kisamia, lugha ya kwetu, kilio ambacho hakikuhitaji mkalimani. Watu wa kampuni walishtuka kwelikweli. Walirudia kusema, "Lakini huyu hana mtu, tuliambiwa hana mtu."

Kaka yangu akauliza, "Mliambiwa na nani?" Wakakata simu.

Haikuwa rahisi wala haraka, kaka zangu walipiga tena na tena mpaka kampuni ikachoka, lakini Taaka alirudi. Alishuka Busia na mfuko mmoja wa plastiki, amekonda, mkono wa kulia umekunjamana kama karatasi iliyolowa ikakaushwa. Nilimpeleka kwetu Masinya, mama akamwogesha kama mtoto. Baada ya siku chache ndipo aliponisimulia lililobaki. Kule Kampala, kabla ya safari, ajenti hakumuuliza chochote. Alimtazama tu akasema, "Wewe ndiye yule ambaye nyanya alikufa, huna mume, huna kaka. Vizuri, hutasumbua." Habari hizo Taaka hakuwahi kumwambia mtu yeyote wa Kampala; alizisema darasani tu, akinijibu mimi, kwenye viti vya watoto, kwa lugha ya kigeni, huku Ate amesimama nyuma yetu.

Nikawakumbuka waliochaguliwa, mmoja mmoja. Wote walikuwa wa "wala." Sisi tuliokuwa na watu tuliambiwa tusubiri.

Yule wa Busitema hajarudi. Kaka zangu wanamtafuta kama walivyomtafuta Taaka, wanasema naye ni dada yao. Bado.

Nilikwenda tena Mwello na tena shule ya chekechea, lakini Ate alikuwa amehama na namba yake haipatikani. Darasa likafa. Wanafunzi tukikutana barabarani tunasalimiana kwa Kiswahili na kuangalia pembeni, ila yule mama wa Kenya, ambaye husema wazi, "Ile mama ilitucheza, na tulikuwa tunaiombea." Kibaya ni kwamba lugha yenyewe haitaki kutoka. Nikiamka asubuhi nikakosa kitana, kichwa kinasema nasaan ang suklay kabla sijakataza. Na siwezi kusema alitufunza uongo. Maswali yale ndiyo yaliyomfungua roho yule Mfilipino. Taaka aliuzwa kwa Kitagalogi na akakombolewa kwa Kitagalogi, na mwalimu ni yuleyule. Ningependa achague upande mmoja ili nimchukie vizuri.

Sasa nina saluni yangu Tororo, chumba kidogo ambacho ukitoka mlangoni unaliona lote lile jabali linalosimama juu ya mji. Mwezi uliopita aliingia mteja aliyejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Alikaa bila kunitazama, akasema rasta nyembamba. Nilipofungua kitambaa nikaona nywele zimekuwa chache, na chini, raba nyeupe. Hazikuwa safi kama zamani. Tukaonana kwenye kioo. Kilikuwa kile kioo chake.

Nilidhani atatoka mbio. Alikaa tu. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Kumain ka na ba?"

"Bado," nikamjibu kwa Kiswahili, nikaanza kugawa nywele.

Nilisuka mstari wa kwanza, wa pili. Wa tatu niliufumua nikausuka upya. Mwishowe nikauliza. "Wewe ndiye uliyewapelekea majibu yetu?"

Kwenye kioo nyusi zake ziliinuka, mara moja, haraka.

Nilikuwa na neno moja nililofunzwa na Taaka, naye alifunzwa na yule Mfilipino, neno ambalo Ate alitunyima. Nilikuwa nimelihifadhi kwa siku hiyo. "Bakit, Ate?" Kwa nini?

Alishtuka kulisikia. Akasema, "Wale wangekwenda tu. Hata mimi nisipokuwa, wangekwenda na mtu mwingine, bila lugha, kama mimi nilikwenda. Mimi nilitaka waende na mdomo."

"Na majibu yetu?"

"Wale watu walitaka hivyo. Wasichana iko na watu nyumbani ya kuuliza yeye, hapana." Akazivuta raba zake chini ya kiti. "Lakini wewe mimi niliacha. Kila mara walisema lete yule anajua sana, mimi nasema huyu hapana, huyu iko na mama. Wewe mimi niliacha nyumbani."

Alinitazama kwenye kioo akingoja, na nilielewa anachongoja. Alikuwa anangoja nimshukuru. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka, kwa sababu ni kweli, aliniokoa, na aliniokoa kwa kumtoa Taaka. Sikumshukuru. Nilivuta mstari uliofuata, akakunja uso.

"Nasikia Taaka alirudi," akasema.

"Alirudi."

Nje bodaboda walikuwa wanabishana juu ya abiria. Kisha akauliza, polepole, kwa sauti ileile ya darasani, na sikujua kama ni huruma, au mazoea, au bado yuko kazini: "Sino ang kasama niya sa bahay?" Nani anaishi naye nyumbani?

"Ako," nikasema. Mimi. Sikuweka "po."

Hakurudia jibu langu. Alishika mikono ya kiti akataka kuinuka, nikamkalisha kwa bega.

"Kaa, Ate. Upande mmoja bado, na Taaka yuko njiani ananiletea chakula."